Re: Farasi wa bahari hawali, siku ya tatu sasa

Habari ndugu. Nimekuelewa: farasi wawili, tangi lenye kimo cha sentimita 30, wanaishi na samaki wengine, na chakula hawagusi.

Kwanza pima amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na uchafu ndani ya maji), zote ziwe sifuri. Angalia na joto. Nyuzi 22 hadi 24 linawafaa wengi wa bahari za joto.

Yakiwa sawa, mimi nawashuku hao samaki wenzao. Farasi wa bahari hana mfuko wa tumbo, kwa hiyo anahitaji kula mara kwa mara, na tena hula kwa kuvizia, taratibu mno. Wenye mbio wanamaliza kila kitu yeye bado anakitazama! Wangu walianza kula siku ileile nilipowatenga. Wape uduvi wa kugandishwa, ukishayeyuka, mara 2 au 3 kwa siku. Kama walivuliwa baharini huenda hawakitambui chakula kisichotikisika, basi anza na uduvi hai.

Tangi nalo ni fupi, tafuta la sentimita 45 au zaidi. Punguza nguvu ya pampu na uvike sponji pale inapovutia maji (mmoja wangu alinaswa mkia hapo). Weka vitu vya kujishikiza kwa mkia. Anemoni (wale viumbe wa baharini wanaofanana na maua) toa, zinawachoma.