Barua kwa mwanangu: jiko, mbuzi na macho ya watu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, nalo ulishalizoea. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ujumbe wa sauti unanikata pumzi, na kwenye simu wewe una tabia ya kusema "sawa mama, sawa mama" kabla sijamaliza.

Ulichoniandikia nimekisoma mara tatu, kisha nikampa mdogo wako anisomee mara ya nne, labda miwani imeruka neno. Umeuliza: "Mama, huu upole wangu nilizaliwa nao, au ni lile jiko lako?" Ukaongeza kwamba mkweo hataki kumwona mjukuu wake wa kiume akiosha vyombo, na kwamba kwenye hiyo kozi yako ya jioni mmesomeshwa habari za mama wa Kimarekani, Carol Ember, aliyekwenda kwa Wajaluo wa Nyanza, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1960. Akawatazama wavulana ambao kwao hakuna dada mkubwa, ikabidi mama zao wawape kazi za kike: kupika, kuosha, kulea mtoto mdogo. Mwaka 1973 akachapisha kwamba wavulana wale hawakuwa wagomvi kama wenzao, na walikuwa wepesi wa kusaidia hata saa ambazo hawana kazi yoyote mkononi. Sasa unataka kujua kama wewe ni mmoja wao.

Nitakujibu. Ila kwanza utoe kichwani hilo wazo kwamba nilikuweka jikoni kwa kuwa nilijua mambo ya malezi. Nilikuweka kwa sababu ya vitumbua.

Mwaka 1988 na 1989 maduka yalikuwa yamejaa tena, ruksa ya biashara ya Mzee Mwinyi, rais wa wakati ule, ilishaingia mtaani, lakini mshahara wa marehemu baba yenu ulikuwa uleule, na vitu vilivyojaa madukani vilikuwa vya kutazama. Nikaanza vitumbua. Nazi sita kila siku, mchele nausaga usiku, saa kumi alfajiri moto umeshawaka. Nazi sita hazikunwi na mtu mmoja huyohuyo anayepepea mkaa na kugeuza vitumbua kwenye chuma. Nilihitaji mikono. Dada yenu, Mungu amrehemu, surua ilishamchukua mwaka 1984. Kaka yako alikuwa ananimalizia nusu ya nazi mdomoni. Mdogo wako alikuwa na miaka mitatu. Ulibaki wewe. Falsafa yenyewe ndiyo hiyo.

Lakini ukinitajia jiko, lazima nikufikishe kwa baba yako mdogo. Hujaniuliza habari zake, najua. Nitakwambia hivyohivyo.

Ilikuwa 1989, mwezi wa Ramadhani, siku mbili kabla ya Idi. Wewe una miaka kumi. Alasiri ile ulikuwa jikoni uani, umekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa upande kama nilivyokufundisha, na kiunoni nilikufunga kanga yangu kuukuu ili nazi isikudondokee kaptula. Ulikuwa nazi ya nne. Ulikuwa na mkono mzuri wa kukuna, nisiseme uongo: unazungusha kifuu polepole, nazi inashuka kwenye sinia kama pamba, nyeupe haina doa. Wanawake wakubwa nawajua ambao hawakuniwezea hivyo.

Mlango wa uani ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi. Akaingia baba yako mdogo, ametoka Dar na basi la asubuhi, na rafiki zake wawili ambao hata majina yao sikupata kuyajua. Akasimama mlangoni, akakutazama, akashika kiuno. "Shemeji! Kumbe mna binti humu ndani, mbona hatukuambiwa?"

Rafiki zake wakacheka. Jirani yetu wa chumba cha mbele akacheka. Na mimi nikacheka.

Si sana. Kile kicheko cha kumridhisha mgeni. Lakini nilicheka, mwanangu, na neno lile "binti" katika nyumba ile, watu wote wa nyumba ile walijua lina kaburi. Mpaka leo sijui kilichonichekesha ni nini. Nimejiambia mara nyingi kwamba ni funga, ni joto, ni haya ya wageni. Pengine ni kweli. Pengine niliogopa kwamba nisipocheka nitalia, na mtu hawezi kulia mbele ya wageni juu ya mzaha.

Wewe hukusema kitu wala hukunyanyuka. Ila nilisikia kabla sijaona. Mbuzi ikikuna nyama ya nazi sauti yake ni laini, ikifika kwenye kifuu inakwaruza, meno yanasisimka. Ukakwaruza, ukaendelea kukwaruza, macho umeyatumbua kwenye ile nazi, na lile sinia jeupe likaanza kuingia vumbi la kahawia. Na mimi nikafanya la pili, ambalo naona ni baya kuliko la kwanza. Nikakukaripia. "Angalia unachofanya! Umenitilia kifuu kwenye nazi!" Mbele yao.

Tui lile nililichuja mara mbili kwa kifumbu na halikusafika. Jioni baba yenu akafuturu, akasema futari nzuri, akajitoa kichembe cha kahawia ulimini, akakiweka pembeni ya sahani, akanitazama. Hakuuliza. Alikuwa mtu wa kutouliza, yule.

Kesho yake alfajiri ukaja kama kawaida. Ukanawa mikono, ukaenda kwanza kutia komeo mlango wa uani, ndipo ukaketi. Moshi ukatujaa. Sikukuambia ufungue. Tangu siku hiyo mlango ule ulikuwa ukifungwa kila ulipokuwa ukikuna nazi, mpaka ulipokwenda sekondari, na ndiyo maana dari ya jiko lile ni nyeusi hadi leo. Fundi wa rangi amekuja mara mbili, ameshindwa. Ndugu zako wanadhani ni uzee wa nyumba.

Baba yako mdogo nimemsamehe. Isipokuwa tangu siku ile sijampikia wali wa nazi. Miaka thelathini na kitu, anakula wali wa mafuta katika nyumba hii, anasema "shemeji, siku hizi wali wako umekuwaje?", nami namwambia nazi zimepanda bei.

Sasa, neno langu mnalijua na mnalicheka nyote watatu: mtoto hulelewa na macho. Mikono inafanya kazi, lakini kinachomkaa mtoto ni namna alivyotazamwa akiifanya. Baba yako mdogo huyohuyo, kwenye harusi ya binti yake, ndiye aliyekuwa kifua wazi nyuma ya nyumba, taulo shingoni, amesimamia masufuria matatu ya pilau, mwiko mrefu kama kasia, anaonja chumvi na kuwafokea vijana wapunguze moto. Hakuna aliyemwita binti. Kila mwanamume wa mtaa alitaka angalau aonekane amegeuza mara moja. Kitunguu ni kilekile, moto uleule. Kilichobadilika ni macho. Nyuma ya nyumba, siku ya shughuli, mbele ya watu, mwanamume akipika ni fundi. Uani, siku ya Jumatano, mtoto wa miaka kumi akikuna nazi ni kichekesho. Anayejifunza tofauti hiyo hafundishwi na mtu. Anaidaka tu, kama anavyodaka lafudhi.

Na jando ndivyo lilivyowafanya. Ulipotoka jandoni ukiwa na miaka saba wazee walikwambia mwanamume hakai mekoni, ukaja kunieleza kwa sauti nzito ya kuigiza, nikacheka (hapo nilicheka vizuri), na miaka haikupita mingi ukawa mekoni. Nadhani ulibaki na wazee wawili kichwani wakigombana, na mmoja wao ni mimi.

Kuhusu huyo mama Ember. Umeandika kwamba kazi za ndani ndizo zilizoonekana kuwa na nguvu hiyo, na kwamba kazi za nje, kuteka maji na kuokota kuni, hazikuwabadilisha wavulana namna ileile. Hilo nimelifikiria siku mbili nzima, na nadhani najua kwa nini. Ukienda bombani unakuwa na watoto wenzako, mnasukumana kwenye foleni ya ndoo, mnarudi mlivyokwenda. Ndani unakuwa na wanawake. Umetupa mgongo, unakuna nazi, na sisi tunasahau kwamba una masikio. Wewe ulijua nani amekopa mchele kwa nani. Ulijua kwa nini jirani wa chumba cha nne alihama usiku. Mwaka 1990 mimba ilipoharibika, baba yenu alikuwa safarini, na mtu pekee niliyemwambia alikuwa yule somo yangu, kwa kunong'ona, palepale jikoni. Jioni ile nikakuta ndoo ya maji ya moto mlangoni kwangu na kanga mbili zimekunjwa juu ya kigoda. Hukuwa na miaka kumi na miwili. Sikukuuliza umejuaje, nawe hukusema.

Kwa hiyo kama jiko lilikulea, naona si nazi iliyokulea. Ni yale maneno.

Hapo nikawa nimeridhika na jibu langu, nikalala. Asubuhi nikaamka na ubishi.

Kwanza, kaka yako. Kabla yako nilimjaribu yeye, miezi sita mizima, jiko lile lile, wanawake wale wale, mama yule yule. Alitoka humo akakimbilia mpira wa chandimu na hakurudi, na leo akiingia nyumbani kwake anaita maji kutoka sebuleni. Halafu mdogo wako: yeye alikuta binamu yenu ameshakuja kutoka Muheza, kwa hiyo hakuwahi kuosha hata kikombe. Na leo ndiye mpishi wa shughuli anayetafutwa kutoka Pangani hadi Mkinga, na kwa upole amekupita. Sasa hapo nikwambie nini? Wale wasemao mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nadhani walikuwa na mtoto mmoja.

Pili, na hili ndilo lililonikwamisha. Huyo mama wa Kimarekani anasema wavulana wale waliangukiwa na kazi kwa sababu tu hakuna dada. Sawa. Mimi pia ningemjibu hivyo kama angenihoji. Lakini nilikuwa na wana wawili wa umri wa kutumwa, na nilikuchagua wewe. Kaka yako angeweza kulazimishwa, mgongo ulikuwepo na bakora ilikuwepo. Sikumlazimisha. Nilikuita wewe kwa sababu ulikuwa unaitika. Hujafika miaka miwili ulikuwa ukiona mwenzako analia unampa kipande chako cha muhogo. (Au alikuwa kaka yako? Kuna siku nina hakika, kuna siku sina.) Basi ulikuwa mpole nikakuchagua, au nilikuchagua ukawa mpole? Ningelijua hilo ningekwambia, ukalipeleka kwenye hiyo kozi wakakupa maksi.

Usije ukadhani naomba radhi kwa kukukunisha nazi. Siombi. Zile nazi zilikuvalisha sare na viatu. Ninachokiomba radhi ni kile kicheko, na umekuwa ukiniuliza mambo ya upole miaka yote hii bila kukitaja hata siku moja, nami sijui kama umekisahau au umenihifadhi.

Sasa mkweo. Mimi siingii kati ya mtu na mama mkwe wake, hilo unalijua. Ni mama mwenye heshima zake na ana kwake. Akisema mjukuu asioshe vyombo, ana sababu zake, na pengine naye kuna mtoto wa kiume anayemkumbuka mtaani kwao aliyechekwa, hataki yamfike huyu. Hofu hiyo naielewa kuliko anavyodhani. Wala sisemi mtoto aoshe. Sisemi asioshe. Ninyi ndio mnaoishi naye.

Ila kama ataosha, mwambie babaye, ambaye ni wewe, akae palepale, asiende kusoma gazeti. Na kama kuna mgeni atakayesimama mlangoni kusema maneno, babaye awe wa kwanza kutocheka. Haya, nimeshasema, na nilikuwa nimeapa sitasema.

Mdogo wako anakuja Dar mwisho wa mwezi, ana shughuli Temeke. Nimempa ile mbuzi akuletee. Najua huko mnatumia tui la pakiti na mkeo ana mashine. Iweke hata stoo. Ulimi wake nimeupeleka kwa fundi ameunoa, kwa hiyo watoto wasiichezee peku. Mguu mmoja wa nyuma umelegea, ugonge msumari mdogo, usitie mkubwa, ubao utapasuka.

Nisalimie wajukuu. Yule wa kiume mpime urefu wa goti mpaka unyayo, uniandikie. Nadhani kile kigoda kitamfaa, lakini huenda bado miguu inaning'inia.

Mama yako