Jua ninalo tele, vitamini D ya kununua ya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 43, nauza karanga sokoni Kibaigwa. Mwaka jana nilipasuliwa goita, tezi ikatolewa yote. Tangu hapo midomo inanichonyota na vidole vinakufa ganzi. Nilipewa kalsiamu, kidonge cha tezi na kalsitrioli, nikawa nameza vyote kwa mpigo asubuhi na uji. Kalsitrioli ilipoisha sikununua tena, maana ni ghali, na shemeji alisema ni vitamini D tu, nami nashinda juani. Juzi nikihesabu chenji ya mteja, vidole vikakusanyika vyenyewe kama vya mtu anayemega tonge, vikagoma kufunguka. Nifanyeje?
Mama K., Kongwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Shemeji hakukosea kuhusu jua, ila vitamini D ya jua ni mbichi. Ini huipika kwanza, figo huiivisha, ndipo utumbo unyonye kalsiamu ya chakula vizuri. Na figo husubiri amri. Amri hiyo hutoka kwenye tezi nne za parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele, zilizojibanza nyuma ya ile tezi uliyotolewa. Kwenye upasuaji huweza kuumia au kukosa damu, na dalili zako, ambazo ni za kalsiamu kushuka mwilini, zinanifanya niamini ndicho kilichokupata.

Kalsitrioli ni vitamini D iliyokwisha kuiva. Kopo la vitamini D ya kawaida haliwezi kushika nafasi yake. Ikikosekana dukani, muulize daktari wako kuhusu alfakalsidoli, ambayo huivishwa na ini bila kungoja figo. Dozi zake si sawa, kwa hiyo usibadilishe mwenyewe.

Usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali leo, upimwe kalsiamu, fosfeti, magnesi na figo. Magnesi ikiwa chini, kalsiamu nayo haipandi hata ukimeza dawa. Koo likibana au ukipata degedege, hiyo ni dharura, utahitaji kalsiamu ya mshipa. Nimewaona wagonjwa wa namna hii wakitibiwa kifafa miezi mingi, inaniuma hadi leo.

Nakuomba pia usimeze dawa nyingi kufidia dozi zilizopita. Kalsiamu ikizidi utapata kiu, kukojoa kila mara, choo kigumu, na figo huweza kupata mawe. Tunalenga kalsiamu iwe chini kidogo ya katikati ya kiwango cha kawaida, mradi mikono itulie.

Kidonge cha tezi kimeze alfajiri kwa maji matupu, nusu saa au zaidi kabla ya uji. Kalsiamu isogeze hadi ugali wa mchana, ukiwa na mlenda wako, zipite angalau saa 4 tangu umeze kidonge cha tezi, maana kalsiamu huzuia kidonge hicho kunyonywa.

Majina ya dawa zako yaandike kwenye karatasi, uiweke kwenye kibindo pamoja na hela za mauzo, ili siku mkono ukikakamaa jirani yako wa meza ya pili ajue cha kumwonyesha muuguzi.