Sevis chaji, geti na kamati: majibu kwa wenye nyumba wa Malindi na Lamu

Maswali ya safari hii yote yanahusu kuishi mahali penye chama cha wenye nyumba: geti moja, kamati moja, na ada ya kila mwezi, yaani sevis chaji. Malindi nyumba za namna hii zimezidi, hasa upande wa Casuarina na kuelekea Mayungu, na wengi wanaingia bila kusoma walichotia sahihi.

Salaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nataka kununua nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa. Bei nimeiweza, lakini naambiwa nitatoa shilingi 12,000 za sevis chaji kila mwezi maisha yangu yote. Sasa hapo nimenunua au nimepanga?

Wa aleikum salaam, mwalimu. Umenunua, ila umenunua vitu viwili kwa mpigo: vyumba vyako vya ndani, na fungu lako katika vitu vya wote, yaani paa, ngazi, ukuta wa nje, tangi, pampu na geti. Mwenye nyumba yake Maweni, paa likivuja humwita fundi siku aliyojaaliwa pesa. Kwenye ghorofa huwezi kusubiri hivyo, kwa sababu paa la aliye juu ndilo linalomkinga aliye chini, na akigoma mmoja wote wanaloa.

Kwa hiyo usiulize kama 12,000 ni nyingi. Uliza zinakwenda wapi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020, ile mawakili huiita Sectional Properties Act, inataka jengo lililosajiliwa chini yake liwe na shirika la wamiliki, na kila mmiliki awemo. Shirika hilo ndilo linalotunza vitu vya pamoja, kulipia bima na kuchanga fedha, na kila mmoja huchanga kwa kadiri ya fungu lake. Mwenye vyumba viwili hatakiwi kubeba mzigo wa mwenye vyumba vinne. Ukiambiwa badala yake kwamba unapewa hisa katika kampuni ya usimamizi, huo ni mtindo wa zamani. Mpe wakili asome mkataba, na umuulize kama jengo limeshabadilishwa kuingia kwenye sheria mpya.

Kisha nenda mwenyewe, na usianzie jikoni. Anzia chumba cha pampu. Hewa ya bahari haina huruma na chuma: shika boliti zilizokaza pampu sakafuni, uone kama kutu inabanduka vipande vipande mkononi. Panda mpaka kwenye tangi la juu, tazama nguzo za zege zinazolibeba. Ukiona zege limepasuka na nondo zimetokeza, zimegeuka nyekundu, jua kuna bili kubwa inakuja na muuzaji anataka ikukute wewe. Onja maji ya kisima pia. Yakiwa ya chumvi, hita na mabomba yako yatakula pesa kila mwaka.

Jambo la mwisho, na ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, ni akiba ya matengenezo. Kule Surfside, Florida, nchini Marekani, ghorofa ya Champlain Towers South iliporomoka usiku wa tarehe 24 Juni 2021, watu 98 wakafa. Mhandisi alikuwa ameshaandika mwaka 2018 kwamba zege limeharibika, na wenye nyumba walibishana muda mrefu juu ya gharama, iliyofika kama dola milioni 15. Sisemi ubishi ule ndio ulioliangusha jengo. Nasema watu walikuwa bado hawajakubaliana nani alipe nini, na mwaka uliofuata Florida ikatunga sheria ya kuwalazimisha wenye ghorofa kukagua majengo na kuweka akiba. Hapa kwetu kamati nyingi hujisifu kwamba ada yao ni ndogo. Ada ndogo isiyo na akiba ni deni, na siku lift ikifa mtaitwa mtoe laki kila mmoja kwa wiki mbili.

Omba hesabu za miaka mitatu, kumbukumbu za mikutano, risiti ya bima na orodha ya madeni. Wakikunyima, tafuta nyumba nyingine.

Nina deni la miezi minne, kazi ya hoteli imesimama msimu huu wa kusi. Kamati imenikatia maji na kubandika jina langu getini. Wana haki?

Pole sana, dada. Deni ni deni, wala sitakudanganya kwamba litafutika. Askari wa usiku amelipwa, na majirani ndio waliolipa fungu lako. Lakini njia ya kudai deni inajulikana: barua ya madai, mazungumzo, kisha mahakama. Maji ni jambo jingine. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na mimi naona kamati inayoanza na bomba la mtu mwenye watoto imeanza pabaya. Kama mita ni yako mwenyewe na kampuni ya maji, na bili yake umelipa, kamati haina ruhusa hata ya kuigusa. Kama maji ni ya kisima cha pamoja, wana hoja kwamba umeme wa pampu unalipwa kwa ada, basi wape pesa ya maji peke yake kwanza na udai risiti iandikwe hivyo.

Jina getini walitoe. Aibu haijawahi kuleta pesa kwa mtu asiye nayo, na taarifa za deni la mtu si tangazo la kila mpita njia. Ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Fanya hivi wiki hii: mwandikie katibu barua, taja kiasi unachokubali unadaiwa, pendekeza utalipa kidogo kidogo mpaka wageni warudi wakati wa kaskazi, na uanze na chochote ulicho nacho, hata elfu mbili. Kama jengo lenu lina shirika la wamiliki, omba kamati ya ndani ya usuluhishi iitishwe. Sheria ya 2020 imeiweka kwa ajili ya ugomvi kama huu.

Kaka yangu yuko Houston. Anasema chama cha wenye nyumba cha mtaa wao kinaweza kuiuza nyumba yake kwa sababu ya ada asiyolipa. Kweli au anatutisha tu tusimwombe pesa?

Ni kweli. Marekani wanaoishi chini ya vyama hivi ni zaidi ya watu milioni 70, na katika majimbo mengi ada isiyolipwa hushikamana na nyumba yenyewe mpaka inaweza kupigwa mnada. Texas ina vizuizi: chama hakiwezi kuiuza nyumba kwa deni la faini peke yake, na nyumba ikiuzwa kwa deni la ada, mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa. Mwambie asizipuuze barua. Nanyi mpunguzieni maombi kidogo.

Sisi tuna viwanja vyetu, kila mtu na hati yake. Majirani wameanzisha chama cha wakazi, wameweka kizuizi barabarani na wanatoza elfu tatu. Ni lazima nijiunge?

Hapana. Ibara ya 36 ya Katiba inasema mtu asilazimishwe kujiunga na chama cha aina yoyote. Chama cha wakazi ni cha hiari, tofauti kabisa na shirika la wamiliki nililomweleza mwalimu, ambalo unaingia kwa sababu tu umenunua nyumba ndani ya jengo. Lakini toa hati yako kabatini uisome kwanza, pamoja na mkataba wa kununulia: wakati mwingine aliyekata ploti aliweka sharti la kuchangia barabara na ulinzi, nawe ukatia sahihi. Hilo linakubana.

Kuhusu kizuizi: barabara ya umma si ya chama, na kuifunga kunahitaji kibali cha serikali ya kaunti. Waombe wakuonyeshe.

Pamoja na hayo, nakushauri uchangie ulinzi na taka. Askari akimfukuza mwizi hachagui nyumba ya mwanachama, na si uungwana kulala salama kwa jasho la jirani. Changa, dai risiti, na ukatae kutia sahihi kitu usichokielewa.

Kamati imekataza kuanika nguo kwenye roshani na kukaanga mahamri mlangoni. Mimi ndiyo riziki yangu.

Haya mawili tuyatenganishe. Nguo lazima zikauke. Hata Florida, wanakopenda masharti kuliko sisi, sheria ya jimbo inavikataza vyama kuzuia kamba za nguo. Kamati ikitaka roshani ziwe safi kwa macho ya wageni, basi iweke kamba juu ya paa, wapi tena penye upepo kama huo? Peleka pendekezo hilo ukiwa na majirani watano na litapita.

Mahamri ni magumu zaidi. Karai la mafuta ya moto kwenye ngazi ambayo watoto wanapita ni hatari, na hapo nipo upande wa kamati. Omba kona karibu na geti, nje, yenye kivuli. Wanunuzi wako wa alfajiri watakufuata huko huko, na askari watakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Sisi ni wavuvi. Njia ya kwenda baharini tuliyoipita tangu enzi za wazee wetu imezibwa na ukuta wa mtaa mpya. Mlinzi anatudai vitambulisho.

Hili linaniuma, maana limetokea sehemu nyingi za mwambao. Ufuo wenyewe hauna kamati. Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ya umma. Hakuna mwenye villa, awe Mtaliano au Mkenya, anayeweza kuwafukuza pale.

Ugumu uko kwenye njia inayopita katikati ya viwanja. Nendeni ofisi ya ardhi mwombe ramani ya upimaji ya eneo hilo. Njia ikiwa imechorwa, ukuta umejengwa juu ya mali ya umma na kaunti inapaswa kuubomoa. Isipochorwa, bado hamjashindwa: sheria ya muda wa madai inatambua haki ya kupita iliyotumika miaka 20 mfululizo, wazi wazi, bila kukatizwa. Andikeni sasa hivi majina ya wazee walioitumia, wakiwa hai na akili timamu, waape mbele ya wakili. Pigeni picha za njia, mitumbwi na madau yanapoegeshwa. Pitieni BMU yenu, yaani kikundi chenu cha wavuvi cha usimamizi wa ufuo, msiende mmoja mmoja, wala msivunje ukuta usiku. Mkiuvunja, kesi yenu inageuka kuwa yao.

Nanyi mnaonunua ndani ya ukuta huo, ulizeni njia ya wavuvi iko wapi kabla hamjalipa. Kesi yao itakuwa kesi yenu, na wakili wa kuitetea atalipwa kwa sevis chaji yenu.

Mimi wa Mkomani, Amu (Lamu). Nataka kuongeza ghorofa na kuezeka mabati, watu wa makumbusho wamekataa. Hiki nacho si chama cha wenye nyumba?

Si chama, ndugu yangu. Mji wa kale wa Amu uko kwenye orodha ya turathi za dunia tangu 2001, na unalindwa na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006. Kamati ya Malindi ikikuudhi, unaiondoa kwa kura mkutano ujao. Sheria ya nchi huiondoi kwa kura ya mtaa. Kwa upande mwingine hakuna anayekutoza kila mwezi.

Naelewa uchungu wa familia inayokua ndani ya nyumba isiyokua. Lakini kuta za matumbawe zilijengwa kubeba uzito fulani, na nyumba nyingi zimeegemeana, nyingine zimeungana kwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Ghorofa yako ni mzigo kwa jirani pia. Peleka mchoro kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, na ukae na jirani wa kila upande barazani mzungumze kwanza.

Ninatunza nyumba ya Mtaliano anayekuja miezi mitatu kwa mwaka. Mkutano mkuu ukiitishwa, naweza kupiga kura kwa niaba yake?

Kwa maneno ya simu, hapana. Akupe barua ya uwakilishi yenye jina lako, namba ya nyumba, tarehe ya mkutano na sahihi yake, na iseme upige kura gani kuhusu ada. Mwambie pia kwamba kutokuwepo hakumpunguzii ada. Jengo linaliwa na chumvi hata dirisha zikiwa zimefungwa. Barua ifike kwa katibu kabla ya siku yenyewe, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.