Nilimpelekea picha, yeye akachukua rula

SWALI: Daktari, nina miaka 34, nimezaa watoto wawili na wote nimewanyonyesha. Matiti yangu yamepwaya sehemu ya juu, kama mfuko uliotolewa vitu. Jambo hili nimelifikiria miaka minne. Nilipokwenda kumwona bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, nilimwonyesha picha kwenye simu nikamwambia nataka vipandikizi vya mililita 450 kama vya huyo wa kwenye picha. Hakuitazama hata nusu dakika. Akachukua rula na tepu, akanipima huku na huku, akanifinya ngozi, akaniuliza kama navuta sigara, kama nina mpango wa kuzaa tena, na nani anajua kwamba nimekwenda pale. Mwishoni akasema kifua changu hakibebi zaidi ya 300, na huenda nikahitaji kuinuliwa matiti pia. Tarehe hakunipa. Je, ndivyo inavyokuwa au nitafute mwingine? Na ni kweli vipandikizi lazima vibadilishwe kila baada ya miaka 10?

JIBU: Dada, usimkimbie. Mambo uliyoyaandika kama malalamiko ndiyo ninayoyafanya na mimi kila siku ya kliniki. Tunatofautiana kitu kimoja tu: mimi picha huwa naitazama, tena kwa makini. Hainiambii ukubwa, ila inaniambia unachokitamani. Kuna anayeniletea kifua kilichojaa mpaka karibu na shingo, na kuna anayeniletea titi lililoteremka taratibu kama la msichana wa miaka 20. Wote wawili watasema "nataka 450", na wote wawili hawataki kitu kimoja.

Mililita ni ujazo. Haisemi ujazo huo utakaa vipi. Kipandikizi cha 450 kwenye kifua kipana kitatandaa na kutulia. Kwenye kifua chembamba kitachomoza kama mpira, ukingo wake mmoja utasukuma kwapani na mwingine utamfuata mwenzake katikati ya kifua. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha rula ile kilikuwa upana wa kitako cha titi, yaani pale linaposhikana na kifua. Kipandikizi kikizidi upana huo, hakina pa kukaa. Nadhani 300 yako ilitokea hapo, haikutoka kichwani mwa daktari.

Na usije ukakubali kuahidiwa herufi ya sidiria. Viwanda vya sidiria havina kipimo kimoja. C ya huyu ni D ya yule.

Halafu kuna kufinywa. Daktari anashika ngozi na nyama ya juu ya titi, kati ya kidole gumba na cha shahada, anapima unene wa alichokishika. Ukiwa chini ya sentimita 2, sehemu ya juu ya kipandikizi inahitaji kufunikwa na msuli wa kifua, la sivyo ukingo utaonekana chini ya ngozi. Baada ya hapo anavuta ngozi ya kando ya chuchu kuja mbele aone inanyumbuka kiasi gani, na anapima toka chuchuni hadi mkunjo wa chini ya titi huku ameinyoosha. Si mbwembwe. Mwaka 2005 madaktari wawili wa Marekani, John Tebbetts na William Adams, walieleza namna ya kufikia maamuzi matano makubwa ya upasuaji huu kwa vipimo vitano vya dakika chache: kipandikizi kifunikwe na nini, kiwe na ujazo gani, kiwe cha umbo gani, mkunjo wa chini uwekwe wapi, na kisu kipite wapi. Wengi wetu tunafanya hivyo au kwa namna inayokaribiana nayo.

Nikueleze kwa nini sibishani tena na rula. Nilipokuwa bado mchanga katika ubingwa nililegea. Mgonjwa mmoja mwembamba, kitako cha titi sentimita 11, finyo lake milimita 14, alinibembeleza nimwongezee "kidogo tu". Nikaweka 400, tena juu ya msuli, maana huko maumivu ni machache na yeye alitaka kurudi kazini mapema. Wiki ya sita alifurahi, na mimi nikafurahi. Miaka mitatu baadaye alirudi. Alipoinama kuokota mkoba wake nikaviona viwimbi vya kipandikizi chini ya ngozi, kama shuka lisilopigwa pasi. Mkunjo wa chini ulikuwa umeteleza karibu sentimita 2, na chuchu zikawa zinatazama dari. Ngozi iliyovutwa kiasi hicho hairudi. Nilimfanyia upasuaji mara mbili zaidi, na bado hakupata kile ambacho angekipata kama siku ile ningemwambia hapana.

Kuhusu juu au chini ya msuli, hukuuliza ila utaulizwa. Wengi siku hizi tunaweka nusu kwa nusu: juu kinafunikwa na msuli, chini kinafunikwa na tezi ya titi yenyewe. Chini ya msuli kipandikizi kinajificha vizuri zaidi, hatari ya kovu kukibana hupungua, na picha ya mamografia, yaani eksirei ya titi, husomeka kwa urahisi zaidi. Gharama yake ni maumivu makali zaidi wiki ya kwanza, na titi kucheza unaposukuma mlango mzito au ukifanya pushapu. Mwanamke anayenyanyua vyuma kila siku namweleza hilo mara mbili.

Sasa suala la kuinua, ambalo nahisi ndilo lililokuudhi kuliko yote. Simama mbele ya kioo bila sidiria, weka rula kwa kuilaza chini ya titi, kwenye mkunjo. Angalia chuchu imekaa wapi. Ikiwa juu ya rula, kipandikizi peke yake huenda kikatosha. Ikiwa sawa na rula, hapo pana mjadala, na madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana. Ikiwa chini ya rula, hasa kama inatazama sakafu, kipandikizi hakitaiinua. Kinajaza, hakivuti. Utakuwa umeongeza uzito kwenye ngozi iliyokwisha kuchoka, na titi litaning'inia kutoka kwenye kipandikizi badala ya kukaa juu yake. Kuinua kuna bei yake ya makovu: kuzunguka weusi wa chuchu, mara nyingi na mstari unaoshuka hadi mkunjoni. Kuna wanawake wanaochagua kubaki na titi lililolala kidogo kuliko kovu, na huo ni uamuzi halali kabisa. Wengine wanafanya kuinua tu, bila kuweka chochote, wakashangaa kwamba ujazo wao ulikuwepo siku zote, ulikuwa umeteremka tu.

Kama ulisimama vizuri, utakuwa umegundua pia kwamba titi moja ni kubwa au limeshuka kuliko lingine. Vidole vya mkono mmoja havilingani, seuze matiti. Mimi humwonyesha mgonjwa tofauti hiyo kwenye picha zake mwenyewe kabla ya upasuaji, kwa sababu asipoiona kabla, ataiona baada, na ataamini ni mimi niliyeileta.

Maswali aliyokuuliza hayakuwa umbea. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, na ngozi isiyofikiwa na damu haifungi kidonda. Mimi nataka wiki 4 bila sigara kabla na 4 baada, na shisha na sigara za umeme zimo humo humo. Mimba italibadilisha titi upya, kwa hiyo mwenye mpango wa kuzaa karibuni namwambia azae kwanza, na aliyemaliza kunyonyesha asubiri kama miezi 6 titi litulie. Wengi wanaweza kunyonyesha wakiwa na vipandikizi, ila sijawahi kumhakikishia mtu, hasa kisu kikipita kando ya chuchu. Kuhusu lile swali la nani anajua umekwenda pale, mimi pia nina la kwangu: "Aliyekuwa wa kwanza kusema matiti yako yana kasoro ni nani?" Akijibu ni yeye mwenyewe, tunaendelea. Akimtaja mume au mchumba, au akinyamaza na kumwangalia aliyemsindikiza, namwomba msindikizaji atupishe. Na yupo yule anayekaa mbele ya kioo saa nzima kila siku akitafuta kosa ambalo mimi silioni hata kwa rula. Huyo sitamsaidia kwa kisu; namwelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili, na mara nyingi anatoka amekasirika.

Miaka 10: hakuna tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye kipandikizi. Kilicho kweli ni kwamba hakikutengenezwa kudumu maisha yako yote, na ukiwa na miaka 34, panga kwamba utarudi chumba cha upasuaji angalau mara moja. Kipandikizi kilichojazwa maji ya chumvi kikipasuka utajua, titi litasinyaa ndani ya siku chache. Cha silikoni kinaweza kupasuka kimyakimya, maana jeli ya siku hizi ni nzito na haikimbii. Kwa sababu hiyo, tangu 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata kama huumwi.

Kinachowarudisha wengi mapema zaidi ni kovu. Mwili huzungushia kila kitu kigeni ganda la kovu; hilo ni la kawaida. Kwa baadhi ya wanawake ganda linakaza, titi linakuwa gumu, linapanda juu, mwishoni linauma. Tunalipanga kwa daraja nne, ya nne ndiyo yenye maumivu. Damu iliyovuja ndani na bakteria wachache waliojibanza juu ya kipandikizi wanatajwa kuwa chanzo kikubwa. Ndiyo sababu, ukitazama ninavyofanya kazi, utadhani nina wasiwasi kupita kiasi: naosha nafasi ya kukiwekea kwa dawa, nabadilisha glavu, kipandikizi hakitolewi kwenye pakiti yake mpaka dakika ya mwisho na hakigusi ngozi kikiingia. Napenda kupita mkunjo wa chini kuliko kando ya chuchu kwa sababu hiyohiyo, mirija ya maziwa ina bakteria wake.

Muulize pia uso wa kipandikizi ni laini au una mikwaruzo. Vile vya mikwaruzo vimehusishwa na limfoma adimu, saratani ya chembe za kinga, inayoota kwenye ganda la kovu, na Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya aina hiyo vya Biocell. Dalili inayonishtua ni titi moja kuvimba ghafla miaka kadhaa baada ya upasuaji, hiyo haisubiri. Wapo pia wanaolalamikia uchovu, maumivu ya viungo na kusahausahau. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha kwamba chanzo ni kipandikizi, lakini baadhi yao hupata nafuu vikitolewa, na mimi siwaambii ni mawazo tu. Tangu 2021 FDA inataka mgonjwa asomewe hatari hizi moja moja na kuweka saini. Daktari wako akikupa karatasi ndefu ya namna hiyo, isome nyumbani.

Na ukitoka hospitali, toka na kadi yenye jina la kiwanda na namba ya kila kipandikizi. Mwaka 2010 ilipogundulika kwamba kampuni ya Ufaransa, PIP, ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba, maelfu ya wanawake hawakuhitaji hotuba, walihitaji kujua kilichomo kifuani mwao kimetoka wapi.

Kutopewa tarehe siku ya kwanza ni sifa nzuri. Mimi huonana na mgonjwa mara mbili kabla ya kukubali, na katikati nampa kazi ya nyumbani: pima mchele mililita 300 kwenye jagi, mimina kwenye mfuko mwepesi au soksi nyembamba, ufunge, weka ndani ya sidiria isiyo na sponji. Vaa nguo zako za kila siku, upike, ukae kwenye kiti cha ofisi, upande ngazi. Kesho yake jaribu 450. Ni kipimo cha kukadiria tu, hakitakuonyesha umbo, lakini uzito utausikia mabegani. Wengi wanarudi na namba ndogo kuliko waliyoondoka nayo.

Kutafuta maoni ya daktari wa pili ni haki yako na hakuna bingwa wa kweli atakayenuna. Kabla hujaenda, mwombe huyu wa kwanza akuandikie upana wa kitako cha titi, finyo la juu, na toka chuchuni hadi mkunjoni. Karatasi hiyo iache mkobani mpaka wa pili naye amalize kupima. Asipopima, huna haja ya kuitoa.