Hitimisho, tamati au epilogi?

Riwaya ya kwanza niliyoifasiri ilirudi kutoka kwa mhariri ikiwa na duara jekundu kwenye neno moja. Kurasa nane za mwisho, zinazomwonyesha mhusika miaka ishirini baada ya kisa kwisha, nilikuwa nimezipa kichwa "Hitimisho". Pembeni ameniandikia: "Hapa inahitimishwa hoja gani?" Sikuwa na jibu.

Wewe unayeanza kuhariri au kufasiri, jiulize swali hilo kabla ya kuandika kichwa. Hitimisho ni la tasnifu, ripoti na insha: mwandishi amejenga hoja, sasa anazikusanya na kusema zimemfikisha wapi. Ni jamaa ya kuhitimu, hitima na hatima, na mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kutia muhuri. Epilogi, yaani kipande kinachokuja baada ya kisa kwisha, kwa kawaida haifungi kitu kwa muhuri. Mara nyingi hufungua kadirisha.

Asili ya jina epilogi ni Kigiriki: neno linaloongezwa juu ya yaliyokwisha kusemwa. Jukwaani, mwigizaji alisogea mbele mchezo ukishamalizika akazungumza na watazamaji. Katika The Tempest ya Shakespeare, Prospero anawaomba wampigie makofi ili awe huru. Kisa kimekwisha, sauti bado ipo. Ndiyo maana kipimo changu ni cha kikatili kidogo: ziondoe kurasa hizo. Kisa kikibaki kimesimama, ulichoondoa ni epilogi. Kikianguka, ilikuwa sura ya mwisho, basi ipe namba kama sura nyingine.

Mwandishi akitoka nje ya kisa kueleza alivyokiandika, au mhakiki akialikwa kusema lake, hapo "Neno la mwisho" linafaa. Ni pacha wa dibaji, ila limekaa mlango wa nyuma.

Tamati usiipe kurasa. Mahali pake ni chini ya mstari wa mwisho. Washairi wana kaditama, kutoka Kiarabu "imekwisha", nayo hukaa kwenye ubeti wa kufungia, pengine pamoja na jina la mtunzi. Naipenda mno, lakini ukiibandika juu ya epilogi ya riwaya ya upelelezi utamchekesha msomaji pasipo na kichekesho.

Zile kurasa nane hatimaye zilichapishwa bila istilahi yoyote. Mhariri alikata neno langu, akaandika "Miaka ishirini baadaye".