"Hang on" si "hang up"

Mwaka wangu wa kwanza mapokezini, katika kampuni ya utalii hapa Arusha, nilimkatia simu mteja wa Uingereza aliyeniomba nisubiri. Alisema "hang on". Mimi nikaelewa "hang up", nikashangaa mbona ana haraka hivyo, nikaweka mkonga chini. Alipopiga tena alikuwa amewaka moto, nami sijui kosa langu ni lipi. Kumbe "hang on" ni subiri, usikate. "Hang up" ndiyo kata simu.

Wiki ileile meneja akaniambia, "Fill me in." Nilichojua mimi, "fill in" ni kujaza fomu. Nikampelekea fomu ya wageni na kalamu. Naye alitaka tu nimweleze yaliyojiri asubuhi alipokuwa hayupo.

Shuleni tulikariri vitenzi hivi kwa orodha ndefu, na ndiyo maana havikukaa. Kiswahili hugeuza maana ndani ya kitenzi chenyewe: pata, patia, patana, patanisha. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, kikakifuatisha kijineno. "Get through" ni kumpata mtu kwenye simu, "get back to" ni kumrudia na jibu, "get across" ni kufikisha ujumbe ukaeleweka. Ukiing'ang'ania "get" peke yake umepotea. Na tusiwaone wenzetu wa ajabu: sisi tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga simu, wala hakuna anayeumia.

Kilichonisaidia ni daftari nililoligawa kwa mahali, si kwa alfabeti. Ukurasa wa simu: "put through" ni kumuunganisha mtu na mwingine, "speak up" ni kupaza sauti, na "you're breaking up" maana yake sauti yako inakatika-katika (hakuna uchumba unaovunjika hapo). Ukurasa wa kikao: "bring up" ni kuibua hoja, ingawa sote tuliijua kwanza kama kulea mtoto, "spell out" ni kufafanua jambo kinagaubaga.

Kila kitenzi nilikiandika ndani ya sentensi, tena yenye "it" au "me", kwa sababu hapo ndipo tunapokwaa. Ukimaanisha kufikisha ujumbe, husemwa "pass it on", si "pass on it". Lakini "get back to me" haivunjwi katikati. Na tukiwa hapohapo, "discuss" haihitaji "about"; hiyo tumeiongeza wenyewe kutoka "kujadili kuhusu".

Hiyo "pass on" ichukulie kwa tahadhari. Mgeni akiacha ujumbe wa meneja, namjibu "I'll pass it on", yaani nitaufikisha. Ila ukimwandikia kwamba meneja "has passed on", ujue umemzika, na jibu litakalokuja ni la rambirambi.