Kodi ya taslimu: usiachie hela kabla risiti haijaandikwa

Mwenye nyumba anayepokea kodi mkononi na kusema "sisi tunaaminiana" huenda hana nia mbaya kabisa. Lakini akifariki, akiuza nyumba au akibadilisha msimamizi, anayekuja nyuma yake ataomba karatasi. Mkifika kwenye baraza au mahakamani, kwa kawaida anayedai kuwa amelipa ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Wakati mzuri wa kulimaliza jambo hili ni kabla ya kuhamia, funguo zikiwa bado kwake na kodi ikiwa bado kwako. Ombeni kifungu kimoja tu kwenye mkataba: "Mwenye nyumba au wakala wake atatoa risiti yenye saini papo hapo kila anapopokea malipo kwa taslimu." Chini yake yaandikwe majina ya wanaoruhusiwa kupokea. Msimamizi asiyetajwa popote akipokea kodi kisha akatoweka nayo, utaambiwa hukumlipa mwenye nyumba, na hata risiti yake itabishaniwa.

Kinachosahaulika sana kwenye risiti ni mwezi unaolipiwa. Tuseme una deni la Machi, na mwezi Mei unalipa kodi ya mwezi mmoja. Risiti ikisema "kodi ya nyumba" basi, wewe utahesabu umelipa Mei. Yeye atasema umeziba Machi. Iandikwe hivi: "Kodi ya chumba namba 4, tarehe 1 Mei hadi 31 Mei." Siku ya kupokea fedha inakaa mahali pake, juu. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa kuwa 1 hugeuzwa 7 kwa mkwaju mmoja wa kalamu, na nafasi iliyobaki kwenye mstari ikatwe kwa mstari. Jina la aliyelipa, jina la aliyepokea, saini, namba ya risiti. Ukilipa nusu, salio nalo litajwe.

Amana iwe na risiti yake peke yake. Ikichanganywa na kodi ya mwezi wa kwanza kwenye jumla moja, siku ya kuhama utaambiwa zote zilikuwa kodi.

Kitabu cha risiti chenye namba na karatasi ya kaboni kinatosha. Hakuna haja ya mashine. Nakala halisi ni ya mpangaji, ya kaboni inabaki kitabuni. Ikaguliwe kabla hamjaachana, maana kaboni ikiwekwa kichwa chini kopi inatoka tupu. Risiti za mashine zinazochapwa kwa joto hufifia, kwa hiyo zipige picha au zitoe fotokopi siku hiyohiyo. Usizipitishe kwenye laminesheni: joto lake huzifanya nyeusi.

Kuna wenye nyumba wanaokataa kuandika kwa kuogopa mamlaka ya mapato. Hofu hiyo ni yao, isiwe hasara yako. Pendekeza kulipa kwa benki au kwa simu, na kwenye maelezo uandike mwezi na namba ya chumba. Akitaka noti tu, nenda na kitabu chako mwenyewe kikiwa kimeshajazwa, asaini tu. Akigoma hata hapo, lipa mbele ya shahidi asiye ndugu yako, kisha mtumie ujumbe saa ileile: "Nimekukabidhi kiasi fulani, kodi ya Mei, chumba namba 4. Tafadhali thibitisha." Jibu lake la "sawa, nimepata" ni ushahidi, na hata akinyamaza, ujumbe wenye tarehe na saa ni bora kuliko kumbukumbu ya kichwani. Kusitisha kodi ili kumshinikiza ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwani unampa sababu halali ya kukutoa.

Risiti zote zihifadhiwe nje ya nyumba unayopanga, au picha zake ziwe mahali pengine, maana mlango ukifungwa kwa kufuli jipya, karatasi zako zitakuwa ndani.